Kurasa Arobaini na Moja

Kibanda cha fundi miwani kilikuwa na upana wa meza moja, kimebanwa kati ya duka la dawa na ngazi za jengo la ofisi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikaza hapo skrubu ndogo kuliko punje ya mtama na kusaga kingo za vioo mpaka vikae kwenye fremu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukitaka kumsikia akiongea, ilibidi umuulize anasoma nini.

Hapo ulimi ulimfunguka. Mkewe alikuwa akisema, "Ungenitazama mimi unavyovitazama hivyo vitabu, ningekuwa nimenenepa."

Nyuma ya kibanda palikuwa na benchi, na kila Jumamosi mchana wasomaji watatu walikutana hapo: fundi mwenyewe, dereva wa lori aliyezoea kusoma kwenye foleni za mizani, na mama mmoja mstaafu waliyemwita Nesi, maana hiyo ndiyo kazi iliyomzeesha. Walipeana vitabu, lakini si hivi hivi. Anayetoa kitabu ni lazima aseme kwa nini kinamfaa huyu na si yule, kisha aandike kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada: "Nimekimaliza," na tarehe. Asiyemaliza hapendekezi. Sheria hiyo aliileta Dereva, baada ya kumtimua mwenzao mmoja aliyesifu vitabu kwa kusoma jalada la nyuma tu.

"Huyo anakusifia chungu cha jirani kwa harufu," alisema Dereva. "Chumvi aionje nani?"

Katika miaka kumi na moja ya benchi hilo fundi hakuwahi kukosea. Alimpimia mtu kitabu kama alivyompimia miwani, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyojivunia, ingawa hakuitamka.

Kisha Nesi akafiwa na mwanawe wa pekee. Kijana wa miaka kumi na tisa, homa ya siku chache, tena katika hospitali ileile aliyoitumikia mama yake. Baada ya miezi mitatu Nesi alirudi kwenye benchi. Alichukua vitabu na kuvirudisha bila neno. Wenzake wawili waliongea kila kitu isipokuwa yule kijana. Jina lake walilikwepa kama kaa la moto. Miaka miwili ikapita hivyo.

Jumamosi moja Nesi akasema, "Mdogo wangu, nitafutie kitabu cha kunichekesha. Nimechoka."

Siku hiyo Dereva alikuwa safarini. Kwenye droo ya fundi palikuwa na kitabu alichopewa na Dereva huyohuyo, habari za mama mwenye nyumba ya wageni, na mwanawe mtundu anayempachika kila mgeni jina la utani. Fundi alikuwa amekicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa amefika ukurasa wa mia na tisini. Zilibaki arobaini na moja. Akajiuliza, katika kurasa arobaini na moja kuna nini kitakachoharibu kicheko chote kile? Akachukua kalamu akaandika, "Nimekimaliza." Mkono haukumtetemeka. Baadaye hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Jumatano Dereva akatokea, miwani imepinda kama panzi aliyekanyagwa.

"Umeikalia tena?" fundi akauliza.

"Sikuikalia. Ilijilaza kitini, nami nikakaa. Ehe, kile kitabu cha nyumba ya wageni, umekionaje?"

"Kizuri sana. Nimempa Nesi."

"Nesi? Na ule mwisho wake?"

"Mwisho gani?"

"Fundi! Si yule mtoto anakufa? Homa, siku nne tu. Mama mtu anabaki anakunja nguo zake. Mimi nililia foleni nzima inanipigia honi." Akainama kumtazama vizuri. "Usiniambie hukumaliza."

"Nilibakiza kidogo."

"Kidogo! Nilikupa wewe, sikumpa yeye. Nilikuwa na sababu. Na umeandika umemaliza?"

Mkono wa miwani ulimkatikia fundi vidoleni.

"Acha hiyo," Dereva akasema. "Nitaona ukungu mpaka kesho, sitakufa. Nenda kabla hajafika huko."

Fundi akashusha mlango wa kibanda saa sita mchana, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona. Njiani alitunga uongo wa kila aina: kitabu kimeombwa na mwenyewe, kina kurasa zilizochanika. Kila mmoja ulikufa kabla hajavuka barabara.

Nesi alimfungulia mlango. Macho yalikuwa yamemvimba. Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa.

"Karibu. Nimekimaliza jana," akasema. "Kaa. Mwanzo nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikafika kule. Nikakitupa. Nikakiokota. Nikasema, fundi hakosei, amenipa akijua. Miaka miwili watu wanakuja hapa kuniambia bei ya sukari. Wewe peke yako umethubutu."

Ilikuwa rahisi kukubali kwa kichwa. Kichwa chenyewe kilikuwa kimeshaanza kuinama.

"Hebu niambie," Nesi akasogeza kiti, "pale anapokuta lile shati bado bichi kwenye kamba, na mwenyewe keshazikwa. Wewe ulisikiaje?"

Fundi akatazama mikono yake. "Dada, sikufika."

"Hukufika wapi?"

"Hapo. Niliishia mia na tisini. Nilikuwa nacheka tu. Ulipouliza, sikutaka nionekane sina cha kukupa. Nikaandika."

"Kwa hiyo hukumfikiria mwanangu."

"Nilifikiria kicheko chako. Yeye sikumfikiria."

Nesi aliinuka akaenda dirishani.

"Jana nilimpigia dada yangu simu," akasema bila kugeuka. "Nikamwambia nimepata mtu anayemkumbuka mwanangu."

Nesi akarudi, akakisukuma kitabu mbele yake.

"Soma."

"Hapa?"

"Hapahapa. Ukienda nacho utaniletea maneno ya Dereva."

Akasoma. Nesi alikaa upande wa pili wa chumba akipanga vyombo kabatini, mgongo umemwelekea yeye. Hakumpa hata maji. Fundi alisoma polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: homa, siku ya pili, siku ya nne, wageni wale wachekeshaji wamesimama ukumbini hawajui waweke wapi kofia zao. Akafika kwenye shati. Herufi zikaanza kuogelea, naye akavua miwani, akaifuta, akaivaa, zikaogelea tena.

Sahani zikaacha kugongana. "Umefika?"

"Nimefika. Dada, yeye alipenda kuvaa nini?"

Nesi alisimama na sahani mkononi. Fundi alisikia pumzi yake ikikatika, kisha ikirudi.

"Bado kurasa tisa," akasema. "Maliza kwanza. Ndipo uniulize."