Mwezi wa Idi kwenye Kioo

Wanangu wawili wanasomea nyumbani kwetu Tumbi, na mwalimu wao ni mimi. Zawadi ya sikukuu huwa naichagua kwa muda mrefu, maana nataka kitu watakachokichezea mpaka wasahau kuwa wanajifunza. Mwaka huu niliwaahidi darubini, ili tuutafute mwezi wa Idi tukiwa kwa mama yangu, Kisarawe.

Tulifungua boksi alasiri, barazani kwa mama. Ndani mlikuwa na hadubini, ya kutazamia vijidudu. Nikawaka. Nikampigia mwenye duka, nikamfokea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, ujumbe wako ninao hapa. Umeandika hadubini."

Mimi, ninayewakata watoto maksi kwa herufi moja!

Nikakata simu. Jua lilikuwa limelainika juu ya mikorosho, na mama alikuwa akiwakata wajukuu wake kucha za Idi. Kwa muda nilisikia mlio wa kikata kucha tu, na baraza zima likawa kama linaelea. Binti yangu mdogo akaokota kipande cha ukucha wake, akakiweka kwenye kioo cha hadubini, akainama. Kilikuwa chembamba, kimepinda, kinang'aa.

"Bibi," akanong'ona, "mwezi umeandama."

Mama akaweka jicho pale, akatazama sana, akasahau hata kupepesa.

"Kweli umeandama," akasema. Kisha akanigeukia. "Haya, mwalimu, kesho Idi. Nenda kaloweke mchele wa vitumbua."