Rangi Chini ya Bolti

Nilimwahidi shangazi yangu kwamba hatasukuma gari tena. Nilimwambia hivyo uani kwake Mau Narok, Jumamosi asubuhi, mikono yangu ikiwa bado haijagusa grisi, na nikasema kwa sauti ya mtu aliyehitimu. Alikuwa ameshika bega lake la kulia, ambalo lilimuuma tangu msimu wa mvua, akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto anayehubiri.

"Sawa," akasema. "Lakini Jumatatu saa kumi na moja Mzee awe ndani ya hiyo gari. Si saa kumi na mbili. Kumi na moja."

Sababu niliijua. Figo za mumewe, ambaye sote tunamwita Mzee, hazifanyi kazi. Mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, hupelekwa hospitalini mjini Nakuru na kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Nafasi yake ni ya saa moja na nusu asubuhi. Akichelewa, mashine hupewa mgonjwa anayefuata, na saa zilizopotea hakuna wa kumrudishia. Siku anazosubiri, maji anayoruhusiwa kunywa hupimwa kwa kikombe, kwa sababu mwili wake hauna njia ya kuyatoa. Pikapu ile kuukuu ilibeba viazi siku nyingine zote, lakini siku hizo mbili ilibeba uhai wa mtu.

Kule juu Mau Narok, magari ya zamani hulala yakiangalia bonde. Jioni unaligeuza gari mpaka pua ielekee mteremkoni, unaliacha kwenye gia, unaweka jiwe mbele ya tairi. Asubuhi unaondoa jiwe, unakanyaga klachi, gari linateremka lenyewe, unaachia klachi, nalo linawaka. Tope likizidi, au gari likisimama kabla ya kupata kasi, unashuka na kusukuma. Pikapu ya shangazi ilikuwa imelala hivyo kwa miaka kadhaa. Stata yake, mota ndogo inayoigeuza injini mpaka iwake, ilikuwa imekufa, na hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Mimi niliiona desturi hiyo kuwa aibu. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya umeme wa magari, naishi chumba kimoja mtaa wa Bondeni, Nakuru, na nilikuwa na imani moja niliyoishika kwa nguvu: kwamba mtu hastahili kitu kibovu kwa sababu tu amekizoea. Imani hiyo bado ninayo. Ninachosimulia hapa ni jinsi nilivyoitumia.

Kazi ya Jumamosi ilikwenda vizuri, na hilo nalo lilikuwa hatari. Mita yangu ya kupimia umeme ilionyesha kwamba betri ilikuwa na volti kumi na mbili na nusu. Betri haikuwa na kosa. Vichwa vyake vya kufungia nyaya ndivyo vilivyokuwa vimefunikwa na unga mweupe wenye ukijani. Niliviosha kwa maji moto yenye magadi, nikavisugua kwa msasa hadi vikang'aa. Chini, kwenye stata, waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo ulikuwa umefungwa kwa kipande cha pakiti ya maziwa. Nikaukata, nikaunganisha upya, nikaufunga inavyostahili. Kisha nikamwita shangazi azungushe ufunguo.

Injini iliwaka papo hapo. Akaizima, akaiwasha tena. Mara tano. Alicheka mpaka akaegemea usukani, na Mzee, aliyekuwa ameketi juani amejifunika shuka, akapiga makofi.

"Injinia!" akaniita. "Sasa uniangalie na mimi hapa kwa figo."

Kama ningerudi mjini saa ile, nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilitaka jambo likamilike.

"Shangazi, usiipeleke tena kule mteremkoni," nilimwambia. "Ilaze hapa penye usawa, karibu na mlango. Mzee asitembee mbali asubuhi kwenye baridi."

"Hii gari haijawahi kulala ikiangalia jikoni."

"Sasa italala."

"Na ikikataa?"

"Haitakataa. Ukiendelea kuilaza mteremkoni, umekubali kwamba ni mbovu. Huo ni ujinga, shangazi, tumeuzoea tu."

Mzee ndiye aliyejibu, akimwambia mkewe kana kwamba sikuwepo: "Huyu amesoma. Si unasikia vile anaongea kama chifu?"

Pikapu ikalazwa pua ikitazama ukuta wa jikoni, hatua nne hivi kutoka ukutani, ndani ya gia kama kawaida yao, kwa kuwa handibreki haikushika.

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, sikuwa na la kufanya. Nikafungua boneti nifurahie kazi yangu, nikaona kutu. Katika gari kama lile kuna mkanda wa waya uliosukwa, mpana kama kidole gumba, unaounganisha injini na fremu ya gari. Umeme mwingi ambao stata huhitaji hutoka kwenye betri na kurudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni mkanda huo. Mahali ulipofungwa kwenye fremu palikuwa na kutu na matope ya miaka. Nikaufungua, nikapasugua kwa brashi ya waya, na kwa kuwa nilikuta mkebe wenye mabaki ya rangi nyeusi ya geti, nikapapaka rangi. Nilipaka vizuri, mara mbili. Ilipokauka nikaurudisha mkanda, nikakaza bolti juu ya rangi yangu. Palipendeza kweli. Sikuwasha gari kujaribu, kwa sababu Mzee alikuwa amelala na sikutaka kumsumbua.

Rangi haipitishi umeme. Sikuwa mgeni wa jambo hilo. Nililijibu katika mtihani, kwa maneno yangu mwenyewe, nikapata alama zote.

Jumatatu alfajiri ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Tulimpandisha Mzee, tukamfunga mkanda wa kiti juu ya koti lake zito. Shangazi akashika usukani, akakanyaga klachi. Mimi nilisimama mbele ya gari, boneti ikiwa wazi, tochi mkononi, ili nisikie stata yangu ikifanya kazi. Nataka msomaji aone vizuri nilipokuwa: kati ya pua ya gari na ukuta wa jikoni.

Akazungusha ufunguo. Ta! Basi. Taa za mbele ziliwaka sawasawa, ukuta ukang'aa, lakini injini haikugeuka.

"Tena, shangazi."

Ta!

"Tuite majirani, tuirudishe mteremkoni," akasema kupitia dirishani. "Bado tuko na saa."

"Hapana, ni baridi tu. Jaribu tena, na ukanyage mafuta."

Alinitii. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: mwanamke aliyeendesha gari lile kabla sijajua kusoma alinitii. Akakanyaga mafuta, akazungusha ufunguo na kuushikilia. Stata ikaguna, ikageuka polepole kwa uzito. Na hapo, chini ya boneti, nikaona kitu ambacho macho yangu yalikikataa. Kebo ya mafuta, ule uzi wa chuma unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta, ilikuwa inawaka. Ilikuwa nyekundu kama waya wa jiko la umeme. Moshi mweupe ukapanda, ukiwa na harufu ya plastiki inayoungua.

Umeme ulikuwa umefungiwa njia yake na rangi yangu, ukajitafutia nyingine. Uliipata kebo ile nyembamba, inayogusa injini upande mmoja na gari upande wa pili.

Kabla sijafungua kinywa, injini ikawaka. Iliwaka kwa mngurumo ambao sijawahi kuusikia kwenye pikapu, kwa sababu plastiki iliyo ndani ya kebo ilikuwa imeyeyuka na kuigandisha mahali ambapo mguu wa shangazi ulikuwa umeifikisha. Aliinua mguu; pedali haikurudi. Gari lilitetemeka lote. Lilikuwa ndani ya gia. Kilicholizuia lisiruke mbele kilikuwa mguu wa kushoto wa mama mwenye zaidi ya miaka sitini, uliokanyaga klachi hadi chini. Nilimwona usoni kupitia pengo lililo chini ya boneti. Sikusogea.

Alizima ufunguo. Kimya kikarudi kwa ghafla hivi kwamba nilisikia kuku wakihangaika nyuma ya jiko.

"Toka hapo mbele," akasema, sauti yake ikiwa chini sana. "Kijana wangu, toka hapo mbele."

Mzee hakuwa ameona chochote, boneti ilimziba. "Imewaka?" akauliza.

Alikuwa bado hajaondoa mguu kwenye klachi. Ilinibidi nifungue mlango, nitoe gia mwenyewe, ndipo akauinua.

Sasa hata mteremko haukuweza kutusaidia. Gari ambalo kebo yake ya mafuta imeganda ikiwa imevutwa haliendeshwi na mtu. Shangazi alimpigia simu jirani mwenye lori dogo la viazi, ambaye alikuwa bado anapakia magunia. Alifika saa kumi na mbili na nusu, akachungulia chini ya boneti yetu, akapiga mluzi.

"Injinia, umepika nini hapa?"

Tukambeba Mzee hadi kwenye kiti kilicho kando ya dereva, shangazi akajibana kando yake, nao wakashuka na magunia yao kuelekea Njoro, njia ya Nakuru.

Mimi nilibaki nitafute kosa, na nilianza kulitafuta kila mahali isipokuwa mikononi mwangu. Nilichunguza stata, kisha swichi ya ufunguo. Nilichomoa nyaya za plagi, ili injini igeuke bila kuwaka. Hatimaye nilifanya kipimo ambacho kingetosha Jumapili, rangi ilipokauka: ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha nikamwomba mke wa jirani azungushe ufunguo kidogo. Njia ikiwa safi, mita husoma karibu na sifuri. Ilisoma volti nane. Nikafungua bolti. Chini yake rangi yangu ilikuwa nyeusi, laini, haina hata mkwaruzo. Nikaketi chini kwenye nyasi zenye umande.

Saa sita shangazi alipiga simu. Walifika saa tatu, mashine ikiwa na mtu mwingine. Muuguzi alikuwa amewatafutia nafasi ya baadaye.

"Wamesema watampa masaa mbili," akasema. "Miguu imefura."

Saa mbili badala ya nne.

Waliporudi jioni nilikuwa nimeshakwangua rangi hadi chuma kikatokea, nimefunga mkanda, nimeweka kebo mpya niliyoifuata Njoro kwa bodaboda. Nilimweleza shangazi kila kitu, nikamwonyesha bolti. Nilitaka anifokee. Aliishika, akaigeuza mwangani.

"Kwa hivyo ni rangi," akasema.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unataka ipendeze."

Niliona aibu zaidi kuliko kama angenitukana. Kisha akaketi kwenye usukani, akaiwasha kwa ufunguo mara moja, akaipeleka mwenyewe mteremkoni. Nilimwekea jiwe. Alhamisi Mzee alifika kwa wakati, akapata saa zake nne, lakini siku tatu za kuingojea Alhamisi hiyo alipumua kama mtu anayepanda mlima, nami nililala chumba cha pili nikihesabu pumzi hizo.

Nina ombi kwako wewe unayesoma. Ikiwa kwenu kuna gari la zamani, mwombe fundi wako akuonyeshe kwa kidole waya unaounganisha injini na fremu, aufungue mbele yako, na uhakikishe kwa macho yako kwamba chini yake ni chuma kitupu. Kisha mwambie aliwashe gari, tena na tena, kabla hajaondoka.