Diploma ya Baridi

Walisema sitapata pasipoti. Walisema nikipata pasipoti sitapata nauli, nikipata nauli nitaishia Karachi, na kama kwa muujiza nikifika Amerika nitaoa huko huko na kumsahau mama yangu. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa ami yangu, ndugu wa marehemu baba, mwenye duka la vitambaa Matrah. Aliyasema mbele ya wateja, ameegemea mto, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wenzake wanakwenda Cairo wakawe madaktari," akawaambia. "Huyu wetu anakwenda kusomea barafu."

"Si barafu, ami. Ni mitambo ya baridi."

"Baridi ndiyo barafu. Na weye utaganda huko huko, hatutopata hata maiti ya kuzika."

Duka zima likacheka, na mteja mmoja akaongeza kwamba kazi nitakayoipata huko ni kuosha sahani. Mimi sikukasirika. Maskat ya siku zile watu walilala darini juu ya shuka zilizoroweshwa maji, wakigeuka huku na huku mpaka alfajiri. Nilijua kwamba mtu atakayeweza kutengeneza baridi katika mji ule hatokosa chakula. Nilikuwa kijana, sina kitu, lakini jambo hilo nililiona peke yangu, na mpaka leo sijamjua aliyeliona kabla yangu.

Mama na mimi tulifika Maskat baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka sitini na nne, na masanduku mawili na Kiarabu cha kuombea maji tu. Nikapata kazi Matrah kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyehitaji mtu wa kumwandikia barua za Kiingereza. Mshahara ulitosha mchele na samaki. Lakini sikutulia. Asubuhi nilikwenda Matrah mbio, jioni nikarudi Maskat mbio zaidi, maana saa tatu baada ya jua kuchwa mzinga ulilia ngomeni, malango ya mji yakafungwa, na aliyetembea ndani bila fanusi la kumulika uso wake alikwenda kulala gerezani. Hata nyumbani nilikuwa nikizunguka chumbani mpaka mama akanikemea: "Kaa kitako, mwanangu, unanipa kizunguzungu."

Unguja nilikuwa nimemsaidia fundi mmoja wa Kimarekani kutunza viyoyozi vya ofisi yao. Huyo ndiye aliyenipa anwani ya chuo cha ufundi kwao, katika mji mdogo wa kaskazini. Niliandika, wakanikubali. Pasipoti nilikuwa nayo, ile niliyotolewa Unguja kabla ya uhuru, yenye taji la Kiingereza juu ya jalada, kwa sababu wakati ule tulikuwa chini ya himaya yao. Kwa hiyo chuoni wakaniandika kuwa ni mwanafunzi Mwingereza. Sikuwapinga. Iliyosema ni pasipoti.

Iliyokosekana ni nauli, nayo ilitoka kwa wanawake.

Wanawake wa Kiunguja pale Maskat walikuwa na upatu wao, kama walivyokuwa nao kwao: kila mwezi kila mmoja anatoa kitu, na mmoja anachukua chote kwa zamu. Waliitana kwa mitaa waliyoiacha nyuma: Bi wa Vuga, Bi wa Malindi, Bi wa Mkunazini, na wenzao. Mama aliwaomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba, kwamba kila mmoja amwachie zamu yake mpaka nauli na ada yangu zitimie. Wakakubali. Siku ilipotimia niliitwa nisimame ukumbini, nje ya pazia, na Bi wa Vuga, mkubwa wao, akanisemesha kutoka ndani.

"Unanisikia, weye kijana?"

"Nakusikia, bibi."

"Sisi tumempa mama yako. Weye hatukukupa kitu. Deni ni lake yeye, na akifa hajalilipa, atakayeulizwa ni yeye, si weye. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Haya. Nenda kasome hayo mabarafu yako, urudi yeye yu hai."

Sikuwahi kubeba mzigo mzito kuliko maneno hayo, na nimebeba kompresa ya mtambo wa baridi peke yangu ngazi mbili.

Karachi nilifika, nikapita. London nilikaa muda wa kunywa chai moja tu, kwenye kiti cha uwanja wa ndege, nikingoja ndege nyingine. Huo ndio Uingereza wangu wote.

Mwenye nyumba niliyopangiwa alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mbwa mzee. Alikuwa ameambiwa na chuo kwamba anakuja Mwingereza, akanunua buli jipya. Akafungua mlango, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Namngoja Mwingereza," akasema.

"Ndiye mimi, bibi."

Akanifungulia mlango wote. "Basi ingia, chai inapoa."

Chai yenyewe ilikuwa maji ya vuguvugu na kifuko cha majani chenye uzi. Nilivumilia wiki moja. Wiki ya pili niliingia jikoni mwenyewe, nikachemsha maziwa, nikatia majani, tangawizi, na iliki niliyotoka nayo Matrah. Yule bibi hakunywa tena chai nyingine. Akawaita marafiki zake waje waone Waingereza wanavyopika chai. Niliwaambia kwamba mimi ni mtu wa Unguja na Maskat, nikawaonyesha kwenye ramani. Wakaitikia kwa adabu, wakaongeza vikombe. Naamini mpaka leo kuna akina mama katika mji ule wanaodhani Malkia wa Uingereza anakunywa chai ya iliki.

Mchana niliosha sahani mkahawani, jioni nikaenda darasani. Ndiyo, sahani niliosha, kama alivyotabiri mmoja wa wateja wa ami, na niliziosha vizuri hata nikapewa zamu ya wawili. Lakini mwili wangu ulikuwa bado Maskat. Jua lilipotua tu, moyo ulianza kunienda mbio. Kule kaskazini wakati wa baridi jua linakuchwa alasiri, kwa hiyo kila nilipotoka darasani, saa tatu za kwetu zilikuwa zimekwisha pita. Siku ya kwanza nilimwuliza yule bibi:

"Mzinga unapigwa saa ngapi?"

"Mzinga gani?"

"Wa kufunga mji."

Akanitazama vile alivyokuwa akimtazama mbwa wake anapokohoa. "Kijana wangu, mji huu haujawahi kufungwa. Hauna hata mlango."

Nilimwelewa, lakini miguu haikumwelewa. Nilikuwa nimechukua fanusi letu ndani ya sanduku, nikanunua mafuta ya taa, na kila jioni nikatembea kutoka chuoni hadi nyumbani na fanusi limewaka, chini ya taa za umeme, theluji ikinifika vifundoni. Sikuona ajabu. Mtu mwema anatembea na taa yake. Asiye na taa ndiye wa kuulizwa.

Polisi akasimamisha gari kando yangu.

"Umepoteza nini, bwana?"

"Sijapoteza kitu. Nnakwenda nyumbani."

"Na hiyo taa?"

"Ili unione uso."

Akazima gari, akashuka. "Uso wako nauona. Nauona kutoka mwisho wa barabara. Kwani wewe unatoka wapi?"

Nikampa pasipoti. Akaisoma chini ya fanusi langu. "Uingereza mnatembea hivi?"

"Uingereza sijui. Maskat tunatembea hivi. Ukikutwa huna taa unafungwa."

"Na ukiwa na taa?"

"Unasalimiwa."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akanipa mkono, akasema, "Basi nakusalimu," akanipeleka nyumbani kwa gari la polisi, fanusi limewaka mapajani mwangu kwa sababu sikutaka kulizima kabla ya mlango.

Habari ikaenea. Yule polisi alikuwa na shemeji mwenye ghala kubwa la kuhifadhia matufaha, nje ya mji, na shemeji akataka kumwona Mwingereza wa fanusi. Alikuja kunitazama, mimi nikamwuliza habari za kompresa zake. Akanijibu moja, nikamwuliza ya pili, ya pili hakuijua. Wiki iliyofuata niliaga sahani. Nikawa ndani ya ghala mchana kutwa, katika baridi ya matufaha mwaka mzima, nikifungua na kufunga mitambo ambayo wenzangu darasani waliiona kwenye picha tu. Ndiyo maana nilishika nafasi ya kwanza. Sikushika ya pili.

Lakini raha haikunikalia. Katikati ya masomo pasipoti ikaisha muda. Nikapanda basi mpaka mji mkubwa, kwenye ubalozi mdogo wa Waingereza. Karani alikuwa mpole.

"Mahali ulipozaliwa sasa si petu tena, bwana."

"Basi mimi wa nani?"

"Hilo nasikitika siwezi kukwambia."

Na Maskat ya siku zile, aliyetoka kwenda kusoma bila ruhusa ya Sultani, kama nilivyotoka mimi, hakuwa na hakika ya kurudi. Mbele nimezuiwa, nyuma nimefungiwa. Nilirudi na basi lile lile nikiwa nimesimama njia nzima ingawa viti vilikuwa vitupu.

Kisha ikaja barua ya mama kwamba Bi wa Malindi amefariki. Mama alikwenda msibani, akasema, na hakuna aliyemtajia deni, wala yeye hakuweza kumeza kitu. Mwishoni aliandika kwamba macho yanamsumbua na kifua kinambana, nisitie hofu. Tangu siku hiyo nilikuwa sili nimekaa. Diploma nikaipokea, nikaitia fremu, nikaigeuza ukutani nisiione, maana ilikuwa ya bure kama sina pa kuipeleka. Nikaendelea na ghala, nikaweka mshahara wote, nikangoja.

Mwaka wa sabini, kiangazi, yule bibi akaniita kutoka jikoni.

"Mwingereza wangu! Redioni wametaja kwenu. Mmepata Sultani mpya!"

Nikashuka ngazi na povu la sabuni usoni. Baada ya muda ikajulikana kwamba waliosoma ng'ambo wanaitwa warudi. Sikungoja kuitwa kwa jina. Nikapata karatasi ya safari badala ya pasipoti, nikamwachia bibi iliki yote iliyobaki. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa natazama saa.

Ndege ndogo ilinishusha katikati ya milima, na joto likanipiga kofi la kunikaribisha. Wakati ule hapa Al Khuwair, ninapoandika haya, ambapo mawizara yamejipanga barabara nzima, palikuwa mchanga na mbuzi. Serikali ilikuwa vyumba vichache. Nikaingia kimoja na fremu yangu kwapani. Mkubwa aliyekuwepo akaitazama.

"Diploma ya nini, shekhe?"

"Ya baridi."

"Wallahi?" Akasimama. "Dawa zetu zinaharibika hospitalini. Unaweza kuanza lini?"

"Nimekwisha vua koti."

Siku hiyo hiyo nikafanya kazi. Mwezi ule sikumbuki kulala. Kila tajiri alikuwa ameagiza kiyoyozi na hakuna aliyejua kukitengeneza kikifa. Ami naye akaleta mtu kuniita.

"Hebu nitazamie hiki," akasema, akifuta jasho kwa kitambaa cha kuuza. "Kinalia kama mbuzi na hakitoi kitu."

Nikakifungua, nikakisafisha, nikakitia gesi. Dukani kukapoa. Wateja wakasogea karibu na ukuta. Nikamtajia ujira wangu.

"Hata kwa ami yako?"

"Ami, ni barafu hiyo. Si rahisi kuisomea."

Akalipa wote. Kisha akaniagizia kahawa, na nilikunywa nimesimama, kwa sababu fedha zake ndizo zilizotimiza nilizokuwa nazitafuta.

Nilitaka siku hiyo hiyo nizunguke nyumba kwa nyumba, nigonge, nitoe, niondoke. Mama akakataa. Alikuwa amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, lakini kukataa hakukumshinda. Deni la upatu, akasema, hulipwa katika kikao cha upatu, wote wakisikia. Nikangoja kikao. Kungoja huko kulinichosha kuliko theluji.

Wakakusanyika nyumbani kwetu, kahawa na halwa zikaandaliwa, mimi nikasimama ukumbini nje ya pazia. Kila fungu nimelifunga ndani ya leso. Mama akataja mtaa, nikapitisha leso chini ya pazia, na mpokeaji akasema kwa sauti, "Nimepokea." Fungu la Bi wa Malindi alilipokea binti yake. Alisema kwa sauti ya chini, wakamrudisha aseme tena.

Ilipofika zamu ya Bi wa Mkunazini, leso ikarudishwa.

"Mie pesa sizitaki. Nnataka friji."

"Friji utapata, bibi. Lakini pokea kwanza."

"Nikipokea utasahau friji."

"Pokea, mwanamke!" wakampigia kelele wote. "Unamweka mwenzio motoni kwa friji?"

"Haya, nimepokea. Na friji iwe nyeupe."

Mwisho akapokea Bi wa Vuga. Nilisikia akiifungua leso, akiifunga tena. Mguu wangu ulikuwa unacheza peke yake sakafuni. Nikaukanyaga kwa mguu wa pili.

"Tumepokea sote," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Na weye, sema wakusikie. Unadaiwa?"

"Sidaiwi," alisema mama.

Wakaanza kupitisha vikombe, halwa ikakatwa, mtu akaanza kusimulia habari nyengine kabisa. Katikati ya vishindo hivyo, bila kuulizwa na mtu, mama akasema tena, kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia:

"Sidaiwi."