Kevin Agoma Kula Mbele ya Wageni

Wewe unayegonga kioo cha mnyama ili ageuke upige selfi, hebu tulia. Umechosha. Soma kwanza habari ya Mama Goretti.

Mama Goretti ni wa Uvira. Siku hizi yuko ng'ambo, mtaa wa Nechells, anafanya usafi kwenye kituo kidogo cha nyoka na mijusi nyuma ya maghala. Kanisani akina mama walizoea kumcheka kwamba anapiga deki vyoo, mpaka siku moja akachoka: "Mimi niko nalisha mamba!"

Nusu kweli. Bosi humwachia amtupie Kevin kuku kwa koleo ndefu. Ila Kevin si mamba, ni aligeta. Pua pana kama sepetu, na akifunga mdomo meno ya chini huyaoni. Mamba wa mto Rusizi, kule kwao, hukuchekea na meno yake hata akilala.

Basi Jumamosi moja ya Aprili wakaja kuhakikisha. Mbele Mama Rosine, mwenyekiti wa akina mama. Nyuma Papa Magloire, bezi wa kwaya, aliyewaendeshea basi dogo. Goretti akatupa kuku. Kuku akaelea. Kevin kimya kama gogo.

"Dada, hii iko ya mupira," Mama Rosine akasema.

"Iko muzima! Baridi haijaisha. Bila joto, tumbo yake haisage nyama. Kwao Amerika, kwenye vinamasi, maji ikiganda anatoa pua tu juu ya barafu, anangoja. Anakaa miezi bila kula."

"Miezi? Basi kwa kufunga iko mukristo kutupita sisi!"

Wakaangua kicheko. Goretti akaona heshima yake inaelea pale pamoja na kuku.

"Anayekataa chakula ni mugonjwa," Mama Rosine akaamua. "Tumuombee."

Sasa hawa watu hawaombi kimyakimya. Wimbo ukapanda, na Papa Magloire akashuka kwenye ile bezi yake inayotikisa viti vya kanisa.

Kevin akafumbua jicho. Akainua kichwa na mkia, akavimba. Maji ya mgongoni yakaanza kurukaruka kama mafuta kwenye kikaango. Halafu akanguruma mpaka vioo vikalia.

Mlangoni vilibaki viatu tu. Mama Rosine ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye basi. Papa Magloire peke yake alibaki mbele ya kioo.

"Amekujibu," Goretti akamwambia. "Hii ni majira yao ya kutafutana. Dume akisikia sauti nzito anajua dume mwingine amefika. Amekuona weye mupinzani, Papa."

"Mupinzani wa nini?"

"Wa bibi."

Jumapili kanisani Mama Rosine alimsogezea Goretti kiti cha mbele. "Karibu, Mama Kevin." Habari za deki hazikusikika tena.

Kwa hiyo ukienda pale, kioo kiache. Mwache Kevin na njaa yake. Na kama una bezi, tafadhali, imbia nje.