Matundu Mawili, Chuma Kimoja

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeishia darasa la saba, na kila nilicho nacho nimekitoa kwenye moto wa kuchomelea. Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, angalia mageti makubwa kushoto na kulia. Lile ambalo mtu analifungua bila kulinyanyua, ni la kwangu. Kuna nyumba ya masista ambako geti la tani nzima linasukumwa na sista mzee kwa kidole kimoja, na mkono wa pili ameshika mwavuli. Watu wenye vyeti vyao wameshindwa kunieleza nimefanyaje. Mimi najua. Ni bawaba. Bawaba zikikaa mstari mmoja, geti halina uzito.

Nayasema haya kwa sababu siku nilipoona chuma kwenye sikio la binti yangu, kilichonipanda kichwani si kile ambacho jirani zangu wangetegemea.

Huyu ni kitinda mimba wangu. Mama yake alifariki kabla mtoto hajaanza shule, kwa hiyo hata kusuka nywele nilijifunza, na nilikuwa nasuka vizuri, nakwambia, mistari imenyooka kuliko ya wanawake wengi pale mtaani. Kichwa cha yule mtoto nakijua kama ninavyojua mashine yangu. Sasa Jumapili moja, tumetoka kanisani, jua la saa saba limewaka, yeye yuko jikoni anapondaponda ndizi za mtori na kofia ya sufu kichwani.

"Mama, vua kofia," nikamwambia. Huwa namwita mama, ana jina la mama yangu.

"Nasikia baridi, baba."

"Baridi gani na jasho linakudondokea kwenye mtori?"

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Akaivua polepole, maana sufu ilikuwa imenasa. Kumbe ameweka chuma sikio la kulia, kimekatiza huku juu kwenye gegedu, kimeingia karibu na nywele na kutokea ukingo wa nyuma, na kagololi kila upande. Komeo kabisa. Sikio lote jekundu, limevimba, nyama ya mbele imeanza kuimeza gololi.

"Nani amekufunga komeo?"

"Wenyewe wanaita indastrio."

"Kiwanda gani kimekubali kutoa kazi mbovu namna hii?"

Alitegemea nimpigie kelele za maadili. Mimi nilikuwa nimeshamlaza kichwa kwenye kiganja changu, sikio limeelekea kwenye mwanga. Tundu la mbele lilikuwa juu, la nyuma chini, na yote mawili yalitazama pembeni, kila moja kwake. Chuma kilikuwa kimelazimishwa. Ukilazimisha fimbo moja ipite kwenye bawaba mbili zisizotazamana, mchana na usiku inasukuma. Kwenye geti, nguzo inapasuka. Kwenye sikio, ndiyo huo uvimbe.

"Alipima?" nikamuuliza.

"Alitumia bunduki ya hereni. Pale Arusha, kwenye kibanda, nilipokuwa chuoni."

"Hakupima."

Hapo akaanza kulia, na ndipo nilipojua kwa nini kofia. Alikuwa amesomea kuongoza watalii mlimani, na kampuni moja ilikuwa imempa safari yake ya kwanza kama msaidizi wa mwongozaji, mwezi uliokuwa unafuata. Mimi mlima ule sikuupenda. Nimeuangalia tangu nizaliwe na sijaona kule juu kitu zaidi ya baridi. Tulishabishana vya kutosha.

"Nilijua ukiliona utasema sikio bovu, mlima basi," akasema. "Na kule juu bila kofia ya sufu huwezi, baba. Nikiivaa inanasa. Nikisema naumwa, nafasi anapewa mwingine."

Zahanati walikuwa wameshampa vidonge na kumwambia atoe chuma, asahau. Uvimbe ulipungua, ukarudi. Na hiyo njia ya kusema mlima basi ilikuwa wazi mbele yangu, sikatai, sikuhitaji hata kupaza sauti. Lakini kazi mbovu imeingia nyumbani kwangu, imekaa kwenye kichwa nilichokisuka mimi. Nikamwambia, "Utaenda mlimani. Sikio niachie."

Kesho yake nikafunga karakana mapema. Nikachukua fimbo ya stenlesi safi, ile ya kuchomelea matangi ya maziwa, nikaikata ndefu kuliko ya Arusha, nikaipiga msasa laini, nikaipaka dawa ya kung'arisha mpaka nikaona meno yangu mle. Nikaikatia hesi za kukazia gololi ncha zote mbili, na gololi nikazitoa kwenye beringi ndogo. Ilipendeza! Kama ingekuwa dukani ningeweka bei nisiyoweza kuitamka.

Tukaelekezwa Majengo, kwa mtoboaji anayesifiwa mji mzima. Nilitegemea kijana wa rasta na michoro mwili mzima. Aliyefungua mlango ni mama mmoja wa Kiislamu, rika langu hivi, ushungi mweupe, glavu mkononi. Bibi yake alikuwa akitoboa watoto wachanga wa mtaa ule kwa sindano na uzi, mama yake vilevile, yeye akaongeza mashine ya kuchemshia vyombo na kabati la kioo. Nikamkabidhi chuma changu. Akakigeuzageuza.

"Mangi, hiki umekusudia sikio au uzio?"

"Hiyo ni stenlesi namba moja."

"Ya tangi la maziwa. Na hesi umeikata nje, akikipitisha itamkwangua kama msumeno." Akanirudishia. "Kizuri lakini. Tundikia funguo."

Binti yangu alijifunika mdomo. Mimi nikahamia kwenye hoja. Nikamlaza binti kichwa mkononi kama nilivyofanya nyumbani, nikamwonyesha yule mama kwamba tundu la nyuma ndilo lililokosewa, lipo chini mno. Akamsimamisha binti wima, akamwambia aangalie ukutani kama anaangalia njia, asiinue kidevu. Akaweka uzi mwembamba mbele ya sikio.

"Wewe umempima amekulalia mkononi," akasema. "Akilala, sikio linahama. Mtu anavaa hereni akiwa amesimama, mangi. Tundu la nyuma ni zima. La mbele ndilo lililopotea."

Nikainama nikaangalia. Nikazunguka nikaangalia tena. Kusema kweli hata geti napima likiwa limening'inia, silipimi likiwa chini, kwa hiyo tulikuwa tunasema kitu kilekile, ila yeye alitangulia kukisema.

Hakukitoa chuma akaacha matundu wazi. Alisema matundu yakijifunga juu, usaha unabaki ndani, na sikio linaweza kujikunja lisirudi tena. Akakitoa, akaweka vipini viwili vifupi, kila tundu na cha kwake, visivyosukumana. Tukapewa maji ya chumvi ya kuoshea. Kila asubuhi kabla sijawasha mashine nilimwosha mwenyewe, kwa pamba, yeye amesimama anaangalia ukutani. Kabla ya wiki ya safari sikio lilikuwa limerudi rangi yake. Akavaa kofia ya sufu mbele yangu, akaivua, akaivaa tena. Haikunasa.

"Nenda," nikamwambia. "Na usikubali kuchoka kabla ya mgeni yeyote."

Siku alizokuwa juu sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa nageuka kuangalia mlima, na mlima wenyewe umejifunika mawingu kama kawaida yake. Nilichomelea geti la mtu upande usio wake, mimi, ikabidi nikate upya. Alipokuja karakanani amebabuka pua, midomo imepasuka, anatembea kama bibi, nilimvua kofia kwanza kabla ya salamu. Sikio lilikuwa zima.

"Shikamoo, baba," akasema huku anacheka. "Nimefika kileleni, hujaniuliza."

"Nilijua umefika. Marahaba."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini masika yalipopita, tundu la mbele likiwa limeshatolewa kipini na kujifunga, akaja na ombi: anataka litobolewe upya lile moja, sawasawa, arudishe chuma chake. Hakuficha safari hii. Alisema mezani, mbele ya chai. Nikamwambia nitakuwepo, maana kazi ikirudiwa lazima msimamizi awepo. Nikachukua na pima maji.

Yule mama alipoiona akasema, "Weka chini hiyo, mangi, shika mkono wa mtoto." Akaweka alama kwa kalamu, binti amesimama. Nikaikagua. Ilikuwa sahihi, nikampa ruhusa ambayo hakuiomba. Akamkalisha. Sindano ikaingia, na gegedu likatoa mlio mdogo, kama mtu amekanyaga jani kavu la mgomba.

Mimi nimeungua mikono yote miwili. Nimewahi kujing'oa kipande cha chuma kwenye goti na kurudi kazini. Ule mlio, lakini, ulikuwa ndani ya kichwa nilichokisuka.

Kitu cha pili nilichokisikia ni binti yangu, "Baba! Baba amka, mbona mimi hata sijaumia!" na yule mama anasema, "Mwache kwanza, mangi amelala vizuri, amenyooka kabisa."

Chuma kimekaa mstari mmoja, mpaka leo. Cha kwangu kimeshika funguo za karakana. Kutoboa upya, chuma cha dukani, chupa ya maji ya chumvi, kioo cha kabati nilichokivunja kwa kiwiko wakati naanguka, na soda niliyonyweshwa na binti yangu nikiwa bado sakafuni: shilingi laki moja na elfu kumi na nne na mia saba.