Walimwuliza Bibi Alijuaje

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, bibi yangu mzaa baba alikataa kulala katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, na kwa kukataa huko akaitwa mchawi. Nimejaribu mara nyingi kulisimulia jambo hili bila hasira. Sijaweza, na sasa nimeacha kujaribu.

Tulikaa Ilemela, juu ya kilima cha mawe. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye mteremko, lilikaa jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Baba alipenda kuwasimulia wageni alivyokipata kile kiwanja. "Wenzangu walipima, wakauliza, wakasita," alikuwa akisema. "Mimi nilisimama hapa, moyo ukaniambia ni hapahapa. Basi." Wageni waliitikia kwa vichwa. Walimwona mwanaume mwenye maono.

Bibi alikuja kutoka Magu wakati wa mvua nyingi, kutibiwa macho. Yalikuwa mekundu kwa moshi. Maisha yake yote alikuwa amepikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Alipewa kitanda chumba cha nyuma pamoja na mama mdogo Sesilia, mdogo wake mama, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza ushonaji. Sesilia alimpenda Bibi. Alimsuka nywele, akamtia dawa ya macho asubuhi na jioni.

Nikitoka shule nilikaa na Bibi uani. Mawe ya kwetu yana mijusi wenye vichwa vyekundu na mikia ya buluu, wanaotoka kuota jua mvua ikikatika. Wa jiwe letu niliwajua mmoja mmoja. Siku moja nikamwambia, "Bibi, mijusi wetu wamehama. Wote wako kwenye mawe ya jirani."

Aliinuka, akajikongoja mpaka chini ya jiwe, akaweka kiganja kwenye udongo, akakaa hapo muda mrefu kama mtu anayempima mtoto homa. Jioni ile alihamishia mkeka wake sebuleni.

"Mama, kule chumbani kuna shida gani?" Baba akauliza.

"Kope langu la chini linacheza, jicho la kushoto," Bibi akasema. "Moyo wangu unakikataa chumba kile. Mtoe na Sesilia."

Kwa wazee wetu, kope la chini likicheza ni machozi yanakuja. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Akacheka, si kwa ubaya. "Mama, hizo ni imani za zamani. Nyumba hii tumeiombea."

Siku tatu Bibi alirudia maneno yaleyale, na siku tatu alijibiwa kwamba nyumba imeombewa. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mvua ikanyesha kwa nguvu. Sote tulikuwa sebuleni isipokuwa Sesilia, aliyekuwa chumbani akipiga pasi sare yake ya chuo.

"Sesilia, njoo ukae huku," Bibi akaita.

"Naja, Bibi. Nimalizie sketi tu."

Kishindo sikikumbuki vizuri. Nakumbuka bati likilia, kisha mwanga wa nje ukiingia mahali palipokuwa na ukuta, na harufu ya udongo mbichi. Majirani walichimba kwa majembe na kwa mikono. Walipomfikia, alikuwa ameshakufa.

Siku ya tatu ya msiba, baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, aliyemnyonyesha na kumlea, alisimama mbele ya watu. "Naomba kuuliza," akasema. "Mtu anajuaje kwamba jiwe litaanguka, kama si yeye aliyeliangusha?"

Nikaona watu wanayatazama macho mekundu ya Bibi kana kwamba ndiyo kwanza wayaone, maana kwetu macho mekundu ya kikongwe huitwa ya mchawi.

"Ulijuaje, Mama?" baba mdogo akarudia.

Nilianza kuinuka. Mimi ndiye niliyemwambia habari za mijusi. Nilitaka kusema hivyo tu. Mama akanifinya paja mpaka nikakaa. Bibi aliniona. Alinitazama mara moja, akageuza uso.

"Kope lilicheza, mwanangu," akasema. "Sina lingine."

Kwa miaka mingi nilimlaumu kwa jibu lile. Alikuwa na sababu ambayo hata mtoto angeielewa: mvua ilikuwa imekula udongo chini ya jiwe, mijusi walihisi kabla yetu, na kiganja chake kilichoshika jembe miaka hamsini kikaujua udongo uliolegea. Kwa nini asiseme? Nilikuwa nimeshakuwa mama nilipoelewa kwamba angeyasema hayo, jina langu lingetajwa mbele ya vinywa vile. Akaona heri wamtafune yeye.

Baba hakumshtaki, na hakumtetea. Kesho yake alimpeleka stendi ya Buzuruga, akampakia gari la Magu na mkeka wake. Maneno yalimtangulia. Kule kijijini majirani waliacha kuja kuomba moto kwake, watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Alikufa kabla sijamaliza darasa la saba, peke yake, ikagundulika baada ya siku mbili. Kaburini Baba alilia kwa sauti, na watu wakamshika mabega wakimpa pole. Mimi sikumshika.

Ninachokasirikia ni hiki. Watu wawili katika nyumba ile walisikiliza mioyo yao. Mmoja moyo wake ulimwambia ajenge chini ya jiwe, akaitwa mwenye maono. Mwingine moyo wake ulimwambia watu watoke chini ya jiwe, akaitwa mchawi. Aliyekosea alilea wajukuu na kuzikwa kwa heshima. Nimewatazama watu wengi tangu hapo, kazini, kanisani, kwenye vikao vya ukoo, na mara nyingi mizani ni ileile: hisia ya mkubwa ni busara, hisia ya mwanamke mzee ni kesi.

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka kumi na mbili alirudi akitembea kutoka tuisheni, vumbi mpaka magotini. Akaniambia hataki tena kupanda pikipiki ya yule kijana anayempeleka kila siku.

"Amekufanya nini?" nikauliza.

"Hajanifanya kitu, mama. Sitaki tu."

Kijana yule nilimjua, na mama yake nilimjua. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, la kumwambia aache mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Nikamtazama. Alikuwa ameshika mkanda wa begi kwa mikono miwili, akisubiri kuchekwa.

"Basi, usipande," nikamwambia. "Kesho nitakusindikiza mwenyewe."

Kama kijana yule ana ubaya au hana, mpaka leo sijui.