Mzee wa Whitehall Aliyefunga Mpira wa Breki

Kwanza ujue mimi si mtu wa kuona-ona vitu. Pombe niliacha tangu kambi ya wakimbizi, na siku ile nilikuwa nimelala vizuri. Mke sina, mtoto sina, wa kunishuhudia sina. Donc, basi, uniamini au uniache, lakini hili lilinipata mimi, kwa macho haya.

Ilikuwa Jumapili, majira ya baridi ya 2015. Naishi Louisville, huku South End, peke yangu. Kazi yangu ni ghala: nabeba maboksi, narudi, nalala. Dada yangu akapiga simu toka Buffalo: "Mama amezidiwa. Anakutaja wewe tu. Njoo." Nilikuwa na miezi minne sijampigia mama. Miezi minne! Zamani kila tukiongea aliniambia, "Ukifika nyumbani unipigie, useme umefika." Nikachoka nayo, nikaona ananifanya mtoto. Hata sasa nikisema hivi aibu inanishika.

Gari langu lilikuwa na pedali ngumu ya breki wiki nzima. Nilifanya nini? Nilimimina mafuta ya breki, nikafunga boneti, nikajiita fundi. Ujinga mtupu. Nilipofika Columbus magari ya mbele yakasimama ghafla, nikakanyaga. Weee! Kama kukanyaga ukuta. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, matako hayagusi kiti, na gari likasimama limebakiza kidogo tu kulibusu lori. Nikatoka barabara kubwa, nikajikokota mpaka Whitehall maana nilisikia watu wetu wako wengi kule, nikaegesha mbele ya apatimenti. Kumbe magereji yamefungwa, theluji imejaa, nje hakuna hata mbwa. Nikampigia dada, hakupokea. Nikafungua boneti, nikalia. Ndiyo, nililia, mwanaume mzima.

"Unalilia moteri ama unalilia mutu?"

Nikageuka. Mzee mmoja, shati la mikono mifupi, kandambili miguuni, Kiswahili chake cha kwetu Uvira kabisa. Nikamwambia mama yangu anakufa Buffalo na freni ya gari, hizi breki, imenikatalia. Hata pole hakunipa.

"Zima moteri. Kanyaga mara tano. Bon, acha muguu palepale, washa."

Nikawasha.

"Imeshuka?"

"Hapana, papa."

"Freni ikiwa muzima, ukiwasha pedali inashuka kidogo. Yako hainyonye hewa. Kuja usikilize."

Kweli, injini ikiunguruma, chini yake kulikuwa na sauti nyembamba, sssss. Kuna bakuli jeusi la chuma linalousaidia mguu kusukuma breki, na mpira mnene unaonyonya hewa kutoka kwenye bakuli hilo hadi kwenye injini. Mpira ule ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali ambapo nisingeona kamwe. Mzee akatoa mfukoni kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia, akakaza, akazungushia tena, vile tunavyofunga kila kitu kwetu: mpini wa jembe, mguu wa kiti, ndoo iliyopasuka. Nakuuliza, ni nani anatembea na tyubu ya baiskeli mfukoni Ohio? Na hapo ndipo nikaona jambo jingine. Mimi nikiongea, mvuke unanitoka mdomoni. Yeye akiongea, hakuna kitu.

Nikajaribu tena. Pedali ikashuka chini ya mguu wangu, laini kabisa.

"Nikupe nini, papa?"

"Ukifika, useme umefika."

"Basi nipe namba yako."

"Sema tu. Nitasikia."

Nikainama kufunga boneti. Kuinua kichwa, hayupo. Nikaangalia theluji: nyayo zangu tu. Sikutafuta mtu wala sikuuliza mtu, niliingia garini nikaondoka.

Buffalo nilimkuta mama yu hai, asante Mungu. Siku tatu nilimshika mkono. Unadhani nilimkumbuka yule mzee? Hata kidogo. Siku ya nne mama akatutoka, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa lilelile: "Ukifika Louisville, unipigie."

Baada ya mazishi nikarudi kwa njia ileile. Kabla ya Columbus pedali ikawa ngumu tena, na tyubu bado imekaza vizuri, haivuji hata kidogo. Hapo ndipo nilipomkumbuka. Nikaingia Whitehall polepole, nikamkuta mama mmoja Mbembe, kabila la kwetu kule, anapandisha nguo za kufua kwenye ngazi. Nikamweleza kandambili, shati, mikono ya fundi. Akaweka kapu chini.

"Ule papa? Alikufa mwaka jana, mule ndani mwake. Tulimukuta kisha siku mingi kupita. Hakukuwa mutu wa kumungojea."

Nilirudi kwenye gari, nikafunga mlango, nikasema kwa sauti, "Papa, nilifika. Nilimkuta mama angali hai." Nikakanyaga. Pedali ikashuka.

Fundi wa hapa Louisville ameshabadilisha mpira, amebadilisha na bakuli zima. Vyote vipya. Kile kipande cha tyubu ninacho kwenye droo, mwenye shaka aje nimwonyeshe. Lakini jioni nikiegesha bila kusema neno, asubuhi nakuta pedali imekuwa ukuta tena.

Kwa hiyo nasema. Nazima injini, naweka mikono kwenye usukani: "Nimefika, papa. Nimefika, mama." Jirani zangu wanafikiri napiga simu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amekuambia umpigie ukifika, mpigie. Usisubiri kufunzwa na gari kama mimi. Mimi nasema kila jioni, halafu nakaa kidogo gizani nikingoja mtu aniambie, "Haya, mwanangu, ulale salama." Hakuna anayesema.